Shamba Safi la Elisante

Ukitaja Awir kwa Waswahili wa Dubai, mmoja atakwambia jela na mwingine atakwambia soko la magari. Wachache wanajua kwamba kuna mashamba. Hata mimi, Shakir, niliyezaliwa Kisauni nikakulia juu ya lami, nisingejua kama kazi yangu isingekuwa kumwendesha arbab, yaani bosi wangu, kila Jumamosi kutoka nyumbani kwake Al Twar hadi shamba aliloachiwa na baba yake. Huko ndiko nilikomjua Elisante, Mmeru wa Tanzania, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono isiyojua kukaa bure. Wenzake wa zamani wanasema amebahatika. Kila wakisema hivyo napandwa na hasira, na ndiyo maana nimeamua kueleza habari zake mimi ninayejua.

Elisante hakuja Dubai kulima. Nani huja Dubai kulima? Alikuja kubeba. Arbab wetu ana bohari ya vipuri vya magari kule Ras Al Khor, na hapo ndipo alipofikia: injini, giaboksi, milango ya Land Cruiser, kushusha na kupandisha mwaka baada ya mwaka. Oili chafu ilimwingia kwenye ngozi ya vidole hata akaona haya kula wali kwa mkono mbele za watu. Mgongo nao ukaanza kumsumbua. Kisha mfanyakazi wa shambani, Mpakistani mmoja mzee, akarudi kwao kabisa, na arbab akaja bohari kuuliza ni nani anayejua kulima. Wote waliinamisha vichwa, maana Awir hakuna duka wala mtu wa kupiga naye soga. Elisante akanyoosha mkono. Aliniambia baadaye kwamba mkono ulinyooka wenyewe, yeye alikuwa bado anafikiri.

Msiseme mbona asirudi kwao akalime huko. Alime wapi? Babu yake alikuwa na kihamba cha migomba na kahawa kilichomtosha. Baba yake akagawana na ndugu zake. Elisante na kaka zake walipogawana tena, fungu lake likawa kipande ambacho ukilaza ngazi juu yake kimejaa. Akamwachia mama yake apande mchicha, akaoa, akapanda ndege. Severina, mkewe, amepanga chumba Usa River na anauza vitenge. Basi dunia nzima hapakuwa na ardhi iliyokuwa ikimngoja Elisante, ila ile ya Awir, na hiyo ilikuwa ya mtu.

Tena yenyewe ilikuwa mchanga mtupu. Ukiuchota unapita vidoleni, na maji ya kisima yana chumvi kiasi kwamba ukinawa uso macho yanawasha. Mzee wake arbab alilima hapo nyanya na matango kila msimu wa baridi, kwa kuwa hapa baridi ndiyo msimu wenyewe; kiangazi hata inzi hujificha. Alilima bila kuipumzisha ardhi, akaishindilia mbolea ya dukani mpaka ikachoka. Arbab alipoirithi, nyanya zilikuwa zikitoka ndogo na ngumu, na yeye akawa anaona aibu kuwapelekea jirani zake.

Ndipo akaletwa mhandisi Bassam. Bassam ni Mjordani aliyesomea kilimo, mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Alizunguka shamba, akachimbachimba, kisha akamwambia arbab mbele yangu kwamba msimu ule asipande nyanya wala tango. Apande oti, nafaka ile ya uji ambayo mabibi wa Dubai hula asubuhi ili wapungue. Waarabu huiita shufani. Aipande shamba zima, ainyweshe, aikuze, na ikifika kutoa masuke aikate na kuilaza palepale chini, asivune hata punje. Mizizi itaushika mchanga. Majani yatalala juu yake kama mkeka, upepo usipite na jua lisiguse, mpaka baridi nyingine. Chini ya mkeka huo udongo utapata nafasi ya kuwa udongo.

Mimi nilidhani anatania. Kupoteza msimu pekee wa mwaka kwa kupanda kitu cha kuoza! Arbab naye hakupenda, lakini alikuwa amechoka na nyanya zake za aibu. Tulipokuwa tunarudi Al Twar alimwambia ndugu yake kwenye simu, kwa sauti kubwa kama kawaida yake, "Nampa msimu mmoja. Nikiona ardhi inapona, nalima. Nikiona bado ni mchanga, khalas, basi, tufanye unavyotaka wewe." Ndugu yake, Abu Majid, alikuwa akimshawishi siku nyingi ageuze shamba kuwa istiraha, yaani nyumba ya mapumziko yenye bwawa na taa za rangi, ambayo watu hukodi mwisho wa wiki wakachome nyama na kupiga kelele.

Jumamosi iliyofuata nilimfikishia Elisante maneno hayo kama yalivyo, maana ilikuwa haki yake kuyajua.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe unarudi Ras Al Khor. Bwawa la kuogelea linataka mkulima?"

Aliangalia vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimeanza kutakata.

Walipanda mwezi wa Novemba, joto lilipolegea. Bassam alileta kimashine cha kupandia, lakini alipomwona Elisante akitawanya mbegu kwa mkono, hatua kwa hatua, kiganja kikifunguka na kufunga, alikizima akakaa kumtazama. Baadaye wakatandaza mipira ya maji ya matone. Hazikupita wiki nyingi, ardhi ikaota kijani chembamba, kama ndevu za kijana. Kila tulipokwenda ilikuwa imepanda: kifundoni, gotini, halafu ikapita kiuno cha mtu mfupi. Mimi si mtu wa mashamba, lakini nilijikuta natafuta sababu ya kushuka garini. Upepo ukipita juu yake oti inainama upande mmoja na kuinuka tena, na inatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia nchi hii. Arbab naye alianza kuweka kiti pembeni na kunywa kahawa yake pale.

Na Elisante! Yule mtu wa bohari aliyekuwa akiongea kwa kichwa, ndiyo na hapana, sasa alikuwa anaimba. Aliimba nyimbo za Kilutheri kwa besi nene huku anakagua mipira ya maji, na mimi Mwislamu nikazishika nyingine bila kukusudia. Nilimtania sana.

"Mmeru wewe, umetoka kwenu mpaka Arabuni kuja kuupikia mchanga uji."

"Uache ule, kaka Shakir. Mchanga huu umefunga siku nyingi."

Siku moja alimpigia Severina simu ya video, akamzungushia shamba zima. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Jamani, nzuri," Severina akasema. "Sasa hiyo mnavuna lini?"

"Hatuvuni."

"Mnalishia ng'ombe?"

"Hatulishi."

"Sasa mnaifanyia nini?"

"Tunafunika udongo."

Severina akasema, "Haya, baba. Mungu awasaidie." Tulicheka wote watatu, na Elisante alicheka mpaka akakaa chini. Aliponyanyuka alizamisha mkono kwenye shina moja, akang'oa bonge la udongo, akanishikisha. Lilikuwa limeshikamana na mizizi, halikumwagika, na lilikuwa na ubaridi ndani. Alilishika kwa mikono miwili akalirudisha shimoni kwalo na kulishindilia taratibu. Nilimwonea wivu siku ile. Nina umri huu na sijawahi kupenda kazi yangu hivyo.

Mwezi wa Februari masuke yakaanza kuchungulia, na Bassam akasema wakati umefika. Elisante alipita na mashine ya kukatia, na kwenye pembe na karibu na bomba, ambako mashine haifiki, akamalizia kwa mundu. Oti ikalala. Harufu yake ilikuwa tamu, ikajaa mpaka ndani ya gari.

"Yote ilale hivi?" alimwuliza Bassam.

"Yote. Usiiguse."

Elisante alinivuta pembeni akiwa na uso wa mtu aliyeona kitu kibaya. "Kaka, majani mabichi yote haya yalale chini?"

Hapo ndipo aliponifundisha mambo ya kwao. Kwao ng'ombe hatoki zizini, watu ndio wanaokwenda kumkatia majani, mbali, wakayabeba kichwani wakipanda mlima. Majani makavu ya mgomba hulazwa shambani, hilo linajulikana. Lakini majani mabichi ni ya ng'ombe. Mtoto akiyadondosha njiani anarudishwa kuyaokota. Mwanamke aliyeolewa karibuni akiacha mzigo wa majani ukanyauka nje ya zizi, habari zitafika kanisani kabla yake. Kuyakata mabichi na kuyaacha yaoze mbele ya watu, hilo Elisante alikuwa hajawahi kuliona popote.

"Mama yangu angeona hivi angelia," alisema.

"Mama yako hayuko Awir. Mhandisi amesema yalale, yaache yalale."

Siku chache baadaye Bassam akapata habari kwamba mama yake anaumwa huko kwao Irbid, akakata tiketi. Kabla ya kuondoka alipitia shambani, na mimi ndiye niliyempeleka. Alimwambia Elisante kwa Kiingereza chepesi, mara mbili, "Usiguse. Itaonekana vibaya. Acha ionekane vibaya." Elisante akajibu, "Sawa, sir."

Na kweli ilionekana vibaya. Kijani kiligeuka njano, njano ikawa kijivu. Ikajisokota mafungumafungu, njiwa wakaja, panya wakaingia chini yake, na ule utamu wa harufu ukawa uvundo wa zizi lisilosafishwa. Ukisimama getini ungedhani mwenye shamba amekufa na watoto wamekimbilia mjini.

Shamba likiwa katika hali hiyo, arbab akasema kwamba Jumamosi atakwenda na Abu Majid, ili ndugu yake aione kazi ya shufani kwa macho yake. Nilimpigia Elisante simu.

"Huyo ndugu mwenyewe?" aliuliza. "Yule wa bwawa?"

"Huyohuyo."

"Ataona hivi?"

"Si utamweleza?"

"Kwa Kiarabu gani, kaka?"

Alisema kweli. Kiarabu chake kilikuwa yalla na khalas, na Bassam hayupo. Nikamwambia asijali, nitaeleza mimi. Nilidhani yamekwisha hapo.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, kwa hiyo nayaeleza kama nilivyoyapokea. Alianza kwa kuondoa majani ya getini tu, ili wageni washukie mahali pasafi. Kwao mgeni akitarajiwa, awe mchungaji au wakwe, ua hufagiwa mpaka alama za ufagio zionekane, na mtu akikuta uchafu anajua hakuheshimiwa. Basi akasafisha getini. Alipomaliza, palipobaki pakaonekana pabaya zaidi kuliko mwanzo. Akasogea kidogo. Mchunga mbuzi wa shamba la jirani, Mbaluchi, akamwona na mafungu yake, akaja na pikapu akayabeba akiwa amefurahi, na Elisante kwa mara ya kwanza tangu oti ikatwe akalala usingizi mzuri, maana majani yamepata mdomo wa kuyala.

Hapo mkono haukusimama tena. Majani yalipokwisha, vikabaki visiki, na shamba likaonekana kama kidevu ambacho hakijanyolewa. Akachukua jembe akaving'oa, na mizizi yake. Akapitisha reki. Na Ijumaa, akiwa na muda uliobaki, akachukua ufagio wa makuti ya mtende, akalifagia shamba. Alilifagia lote, ukuta hadi ukuta, kwa mistari iliyonyooka.

Jumamosi niliposimamisha gari getini na kumfungulia arbab mlango, nilipigwa na bumbuwazi. Elisante alikuwa amesimama karibu na bomba, shati limepigwa pasi, mikono mbele, akitabasamu. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Mashallah," arbab akasema. "Nadhif." Neno hilo hata Elisante alilielewa, maana na sisi tunalo, na uso wake ukachanua. Arbab alimpigapiga begani mbele ya ndugu yake. Abu Majid alitembea na kanzu yake nyeupe mpaka katikati ya shamba, akageuka huku na huku, halafu akarudi pole pole akipima kwa hatua.

"Sasa nauona ukubwa wake," alisema.

Walipokwenda upande wa mitende, nilimfuata Elisante.

"Majani yako wapi?"

"Nimesafisha, kaka. Umemsikia arbab?"

"Bassam alikwambia nini?"

"Alisema nisiguse. Lakini kazi ya oti si ilishakwisha? Mizizi si ilishaushika mchanga?"

"Mizizi yenyewe iko wapi?"

Aligeuka akalitazama jembe lililoegemea ukuta. Lile tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa, na mimi nikatamani nisingemwuliza.

Shamali, ule upepo mkali wa mchanga, ilikuja kabla ya Jumamosi nyingine. Al Twar ilituletea vumbi tu, magari yakawa meupe na madam, mke wa arbab, akafoka kuhusu madirisha. Nilimpigia Elisante, simu ikaita bila kupokelewa. Upepo ulipopungua arbab akanituma kumpelekea mtungi wa gesi, nikaenda mbio.

Mchanga ulikuwa umerundikana ukutani hadi magotini. Shamba lenyewe lilikuwa limeshuka. Lile tabaka la juu, lile lililokuwa limeanza kushikamana, liliondoka likaenda barabarani na kwa majirani, na palipobaki pakawa pagumu, pana utando wa chumvi mweupe kama sufuria iliyokaushwa bila kuoshwa. Katikati ya shamba niliona kitu cha rangi nyekundu. Nilipokaribia nikakuta ni blanketi lake, limetandazwa chini na kukandamizwa kwa mawe. Pembeni yake palikuwa na shuka, na magunia, na koti lake la baridi, na mkeka wa kulalia, vyote vimewekewa mawe. Alikuwa amejaribu kulifunika shamba kwa vitu vyake.

Yeye nilimkuta ameketi mlangoni mwa chumba chake, macho mekundu kwa mchanga.

"Nimeua udongo, Shakir," alisema. Hakuniita kaka.

"Umeua nini? Ulikuwa mchanga, na sasa ni mchanga."

Nilisema uongo, na alijua. Mimi ndiye niliyelishika lile bonge mkononi.

Bassam aliporudi hakufoka. Ningependa angefoka. Alizunguka, akachuchumaa, akawasha sigara akaisahau vidoleni. Kisha akamwuliza Elisante kwa nini. Elisante akaanza kueleza kwa Kiswahili, kuhusu ng'ombe wa zizini, na mama yake, na ua unaofagiwa mgeni akija, na mimi nikawa natafsiri kwa Kiarabu. Kila nilichokitafsiri kilitoka kinywani mwangu kikiwa upuuzi. Kwa Kiswahili kilikuwa na maana, nilikielewa kabisa, ila nilipokifikisha upande wa pili kilikuwa maneno ya mtu asiye na akili. Niliuchukia ulimi wangu.

Bassam alisikiliza mpaka mwisho. "Mama yangu pia hufagia ua," alisema. "Lakini ni ua."

Hata hivyo alikwenda kumwombea msimu wa pili. Nilikuwepo, nikiwamiminia kahawa. Arbab si mtu mbaya, na sitamsingizia. Alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Si upepo, ya Bassam," alisema. "Mimi ningesubiri. Ila tangu siku ile niliyolikuta liko tupu, safi, ndugu yangu akasimama katikati akanionyesha, hapa bwawa, hapa jukwaa la kukaa, siwezi tena kuona nyanya. Kila nikilala naona bwawa."

Kwa hiyo nawaambia wale wanaodhani upepo ndio ulioua shamba. Upepo ulikuta limekwisha kuuzwa machoni mwa mwenyewe. Lilikuwa limefagiwa vizuri mno.

Ndani ya gari nilijikaza nikamwuliza arbab, "Na Elisante, sir? Anarudi bohari?"

"Yule? Hapana. Yule abaki na istiraha. Sijapata kuona mtu msafi kama yule."

Nilifurahi. Mniamini, nilifurahi kweli, nikaendesha hadi Awir na habari hiyo mdomoni kama mtu anayepeleka posa. Elisante aliisikiliza, akasema, "Haya, asante, kaka." Nikamlaumu moyoni kwa kutokushukuru.

Walijenga kiangazi chote. Wakachimba bwawa, wakaweka taa, nyama choma ikapata banda lake. Na pale palipokuwa na oti, kutoka ukuta hadi ukuta, wakashindilia kokoto wakatandika zulia la nyasi za plastiki. Kijani chake hakibadiliki, hakinywi maji, na mchana linachoma nyayo. Kazi ya Elisante ni kulifagia. Wageni wakiondoka Jumapili anaokota mishikaki, maganda ya karanga, na nepi za watoto, kisha anapitisha ufagio kwa mistari, kama siku ile. Haimbi. Nilimwuliza siku moja mbona haimbi, akasema wageni wanapenda miziki yao. Lakini hata wageni wasipokuwepo haimbi. Anaongea kwa kichwa, ndiyo na hapana. Wenzake wa Ras Al Khor wanasema amebahatika, hana injini ya kubeba, anafagia bustani.

Novemba ikafika, baridi ya kwanza. Nilikuwa nimempeleka arbab, na Elisante alikuwa na Severina kwenye simu ya video. Severina alikuwa akimwomba amwonyeshe shamba, maana hajaliona siku nyingi. Elisante akageuza simu.

"Jamani, mmepanda tena," nilisikia Severina akisema. "Imependeza. Kijani hicho! Safari hii mtavuna?"

Nilimtazama Elisante. Aliangalia chini.

"Hatuvuni, mama," alimjibu. "Tunafunika tu."

Alipokata simu nilijifanya nafuta kioo cha gari. Ndipo nikaona, karibu na bomba, mahali zulia linapokutana na saruji, majani membamba yamechungulia kwenye ufa. Nilikwisha kuyajua majani yale. Lazima kulikuwa na suke lililouponyoka mundu siku ile, likakomaa kimyakimya na kudondosha punje zake, na maji yanayovuja bombani yakaziamsha. Nilimwita.

Alikuja na ufagio wake. Alichuchumaa, akayagusa kwa kidole kimoja, akayapapasa kutoka chini hadi juu. Alitazama upande wa nyumba, ambako arbab alikuwa akiongea na simu, kisha akayashika shinani akayang'oa yote, na mizizi yake, akayakung'uta. Mchanga ukamwagika, haukushika hata kidogo. Akayatia kwenye mfuko wa taka pamoja na maganda ya karanga.

"Ungeyaacha tu," nilimwambia. "Yanamsumbua nani pale?"

"Arbab anapenda pasafi," alisema, akasimama, akaendelea kufagia.